Harusi ya Visiwani: Mchango au Nauli?

Kadi za harusi zinazotaja Paje, Nungwi au Kendwa, fukwe za kisiwa cha Unguja, Zanzibar, si jambo geni tena kwa familia za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ambazo zamani zingealikwa katika ukumbi wa mjini kwao. Mara nyingi maharusi wenyewe si Wazanzibari wala hawana ndugu Unguja. Wamekichagua kisiwa kwa ajili ya bahari, kwa ajili ya picha na pengine, ingawa hilo halisemwi hadharani, kwa ajili ya umbali wenyewe. Mjadala unaozuka katika familia huwa mkali, kwa kuwa chini yake kuna swali la siku nyingi: harusi ni ya maharusi au ni ya ukoo?

Tuanze na maharusi, maana wao ndio wanaolaumiwa. Anayeijua harusi ya Kitanzania ya mjini anaijua kamati: mwenyekiti, mweka hazina, vikao vya kila wiki, kundi la WhatsApp lenye watu wasiojuana, ahadi za michango zinazosomwa kwa sauti, kadi ya singo (ya mtu mmoja) kwa kiasi hiki na ya dabo (ya watu wawili) kwa kiasi kile. Mfumo huu umewawezesha vijana wengi wasio na uwezo kuoana kwa heshima, wala si wa kubezwa. Hata hivyo umezaa pia sherehe za watu mia tatu ambao nusu yao bibi harusi hawafahamu, sherehe zinazopangwa kwa matakwa ya kamati na kuwaachia wanandoa wapya deni la kumchangia kila aliyewachangia. Wawili wanaokwenda Kendwa na watu arobaini wanajitoa katika mzunguko huo. Tena kwa familia iliyotawanyika, yenye ndugu Bukoba, Mbeya na Ughaibuni, hakuna mahali pa harusi pasipohitaji safari, na Unguja ina uwanja wa ndege unaopokea ndege za moja kwa moja kutoka Doha na Dubai.

Hoja ya ukoo nayo ni nzito, na kwa maoni yangu ndiyo isiyosikilizwa ipasavyo. Boti ya mwendo kasi huchukua takribani saa mbili kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, na mkazi hutozwa nauli nafuu kuliko mgeni wa nje. Lakini kwa mjomba anayeishi Sengerema, boti ni kipande cha mwisho cha safari aliyoianza siku moja au mbili kabla. Akishuka Malindi, bandari ya Unguja, bado ana gari la kuvuka kisiwa hadi pwani ya mashariki, kisha hoteli ambayo mara nyingi hupandisha bei yake katikati ya mwaka na mwishoni mwa Desemba, yaani katika likizo zile zile ambazo familia huzitumia kwa harusi. Wapo pia wazee wasiotaka kabisa kupanda boti, na hofu yao ina sababu: MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 na MV Skagit ikafuata Julai 2012, na watu wengi walipotea.

Hapo ndipo penye ugumu wa kimaadili. Katika harusi ya ukumbini, anayeachwa nje ya orodha anajua kuwa ameachwa, na anaye wa kumlalamikia. Katika harusi ya kisiwani shangazi amealikwa vizuri, kadi ameipata, jina lake limeandikwa kwa heshima zote. Kilichomzuia ni nauli, na nauli haina uso wa kuulizwa. Maharusi wanapunguza wageni bila kumkataa mtu yeyote. Wengine hufanya hivyo bila kukusudia, lakini wapo wanaoijua hesabu hiyo tangu mwanzo, na hao ndio ninaowaona hawana haki ya kushangaa ukoo unaponuna.

Ndugu waliochukua uraia wa Ulaya au Marekani hudhaniwa kuwa wao hawana shida. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni wa kigeni anunue bima ya safari ya dola 44 inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Watu wazima wanne wa familia moja hulipa dola 176, mbali na viza na tiketi za ndege.

Kuna pia gharama zinazotokana na kupanga bila kukijua kisiwa. Paje na Jambiani maji yakipwa huenda mbali sana, na anayetaka bahari nyuma ya bibi harusi saa kumi na moja jioni anapaswa kusoma jedwali la maji kabla ya kuchapa kadi. Nungwi na Kendwa hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Masika, Machi hadi Mei, hoteli hushusha bei kwa sababu inayoeleweka. Mwezi wa Ramadhani hauwafai wageni wanaotaka ngoma na vinywaji mchana, na hata miezi mingine wageni waelezwe mapema kuwa vazi la ufukweni halivaliwi kijijini. Sheria nayo isisahauliwe: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayodai notisi ya siku 21, ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina taratibu zake.

Kwa sababu hiyo ya mwisho, baadhi ya maharusi hufunga ndoa nyumbani, kanisani, msikitini au kwa mkuu wa wilaya, kisha wakaenda kisiwani kwa sherehe tu. Mimi naiona njia hiyo kuwa bora hata pale sheria isipolazimisha, kwa kuwa mahari, dua za wazee na kiapo chenyewe hubaki mahali ambapo bibi anaweza kufika kwa miguu yake. Itapingwa kwamba ni kulipa mara mbili, na ni kweli, ingawa pilau ya uani kwa majirani haijawahi kumfilisi mtu anayemudu hoteli ya Nungwi.

Lililobaki ni fedha za wengine, na hapa sioni nafasi ya maridhiano. Familia inaweza kumwomba ndugu mchango, au inaweza kumwomba ajigharimie safari. Kumwomba vyote viwili ni kumtoza kiingilio mara mbili. Harusi ya kisiwani iliyoundiwa kamati imepoteza utetezi wake mkubwa, ule wa kujitoa katika mzunguko wa michango. Wazazi wa pande zote mbili na wazee wachache wanaostahili kuwepo walipiwe na maharusi, na jambo hilo litamkwe kabla ya tarehe kutangazwa. Kadi ieleze waziwazi kwamba hakuna mchango unaotarajiwa, na ndugu atakayeshindwa kusafiri asitumiwe namba ya mweka hazina, wala jina lake lisisomwe kikaoni.