Kanga Kwenye Pangaboi

Pale Tardebigge, kusini ya Birmingham, Uingereza, mfereji unapanda mlima. Loki 30, yaani vyumba vya maji vyenye malango vya kupandishia na kushushia boti, zimefuatana ndani ya maili mbili na robo, nazo hunyanyua boti kiasi cha mita 67. Mwendo unaoruhusiwa ni maili nne kwa saa, kwa hiyo hata mtu anayetembeza mbwa anakupita, anageuka, anakupita tena.

Mke wangu alikuwa nchi kavu na hendeli, mkono wa chuma wa kufungulia maji ya loki. Ukiingia loki kwa chini, unafunga malango nyuma yako, kisha mwenye hendeli anafungua maji ya juu: nusu kwanza. Akifungua yote kwa pupa, maji yanaingia kwa kishindo na boti inarushwa huku na huku. Maji yakilingana ndipo unaegemeza makalio kwenye boriti ya lango na kulisukuma kinyumenyume. Kabla ya hapo, hata jini halifungui.

Tulitoka loki moja, mke wangu akatangulia kuandaa ya mbele. Mimi nimeshika kana, mpini wa usukani. Shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kututembelea, alikuwa pembeni yangu akianika kanga kwenye reli ya nyuma. Upepo ukapiga. Kanga ikatua majini na pangaboi, lile linalosukuma boti chini ya maji, likaimeza. Injini ikakohoa, ikazima.

"Mwanangu, imepotea?"

"Haijapotea, Shangazi. Iko hapo chini."

Boti hizi nyembamba zina kisanduku nyuma, juu ya pangaboi, maalumu kwa balaa za namna hii. Mara nyingi ni magugu na mifuko ya plastiki. Unazima injini, unachomoa funguo na kuutia mfukoni, maana vidole haviagizwi dukani. Unalegeza kibano, unanyanyua kifuniko. Maji hayafuriki, kwa sababu mdomo wa kisanduku uko juu ya usawa wa mfereji. Kisha unalala kifudifudi na kuzamisha mkono mpaka begani kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, bila ule uvuguvugu wake.

Pamba iliyojisokota kwenye chuma haivutiki. Dawa yake ni kisu cha mkate: unakata kwa urefu wa mhimili, halafu unafungua kinyume cha mzunguko. Kikatoka kipande cha pindo. Kikafuata kingine: USISAFIRIE. Shangazi akakipokea, akakikamua, akakisoma.

"Endelea, mwanangu."

NYOTA ikatoka na grisi. YA MWENZIO ilikuwa imekazana hasa.

Wakati huo boti, mita 17 nzima, ilikuwa imejilaza kukingama mfereji, na juu kuna wengine wanateremka. Shangazi akamrushia kamba mzee mmoja mwenye mbwa. Hawakuelewana hata neno moja, lakini "harambee" haihitaji mkalimani. Kuvuta tani 15 zinazoelea ni kazi ya mtu mmoja mvumilivu. Shida ni kuzisimamisha, kwani bila injini huna rivasi. Ilitakiwa kamba izungushwe kwenye nguzo ya ukingoni ili ipunguze mwendo. Wao walivuta tu, kwa mahadhi, mpaka omo, mbele ya boti, ikapanda tope. Jikoni, wali wa nazi ukashuka na sufuria yake. Tukahitaji pondo, mti mrefu wa kusukumia boti, kujinasua, na mbwa akajipatia chakula cha mchana.

Kifuniko kinarudishwa na kukazwa kabla hujagusa funguo. Kikiachwa legelege, pangaboi hurusha maji kwenye chumba cha injini, na boti inaweza kuzama hivihivi. Nilikuwa namalizia kukaza mke wangu alipofika, hendeli mkononi, akaviona vile vipande vimepangwa juu ya paa.

"Shangazi, hii si kanga yangu niliyokuazima jana?"

Shangazi akanyoosha kidole kwangu. "Muulize mumeo. Yeye ndiye mwenye kisu."