Mti wa Berlin una namba, wa Kirumba una waya

Jana asubuhi nimeamshwa na ko, ko, ko. Kuchungulia dirishani, namwona jamaa, reflekta mwilini, nyundo ya mpira mkononi, anaugonga mti wa barabarani na kutega sikio, vile mtu anavyopigapiga tikiti maji kabla ya kulipa. Anatafuta uwazi ndani ya shina. Miti ya barabarani hapa Berlin ni zaidi ya 400,000, na ina namba na kumbukumbu zake kwenye daftari la jiji. Wa dirishani kwangu ni namba 14. Mimi mwenyewe namba ya bima nilihangaikia miezi mitatu.

Najua mnachotaka kusema. "Kaenda miaka minne tu, sasa anatufundisha miti." Tulieni, dhambi ninayoisema ni yangu. Nilipomaliza kidato cha sita nilifunga bango la tuisheni kwenye ule mkrismasi wa kijiweni, Kirumba, Mwanza. Nilizungusha waya mara mbili nikakaza kwa plaisi. Wanafunzi nilipata wawili. Mti ukaendelea kunenepa; waya haunenepi. Likizo iliyopita nimekuta umezama nusu kwenye gome, na humo ndani ya gome ndimo chakula kinachotengenezwa na majani kinamoshukia kwenda mizizini. Ukilikaba pande zote, mizizi inakufa njaa huku juu bado kijani. Siku upepo wa ziwani ukiuangusha, tutasema ulizeeka.

"Ulaya wana hela." Haya, kukata waya ni shilingi ngapi? Na kuacha kiduara cha udongo badala ya kumwaga zege mpaka shinani, mizizi ikakosa maji na hewa, hilo nalo tunasubiri mfadhili?

Ila nisiwe mnafiki. Chini ya namba 14 sijawahi kuona mtu amekaa. Ule wa Kirumba una fundi viatu, muuza kahawa, boda sita na kesi zote za Simba na Yanga. Umeota kwenye udongo kiduchu juu ya mwamba, hakuna aliyewahi kuupima, na kila Desemba unawaka maua mekundu. Ungekuwa huku ungeshapewa uraia.

Nimemtuma mdogo wangu na plaisi akaukate ule waya. Kaenda kweli. Jioni akanirudishia jibu: "Kaka, boda wamegoma. Wanatundikia makoti ya mvua."