Blogu ya Kigoma haifi kwa kukosa wasomaji

Anayetaka kufungua blogu binafsi Kigoma huulizwa swali lile lile: nani atasoma? Watu wako WhatsApp. Andika kwenye kundi, weka picha, na kabla ya magharibi umeshajibiwa na watu wa Mwanga, Gungu na Kasulu. Hoja hii si ya kubezwa. WhatsApp huipunguza picha yenyewe kabla ya kuituma, haina ada ya mwaka, na wapo wasomaji wanaonunua bando la mitandao ya kijamii peke yake. Ukimtumia msomaji wa namna hiyo kiungo cha blogu, hafungui, hata kama anakupenda.

Lakini hesabu hiyo ni ya wasomaji wa siku ya kwanza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Aliyeandika kwenye kundi kuhusu wakaushaji dagaa wa Kibirizi, chanja zikiwa tupu na vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vimevutwa ufukweni, alisomwa papo hapo. Leo mwanafunzi anayetafuta maisha yalivyokwenda miezi ile mitatu hawezi kumpata, kwa sababu Google haiingii ndani ya makundi. Mwenye andiko mwenyewe akibadili simu bila kuhifadhi nakala, naye halipati. Mtandao mkubwa pia si kinga: Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa 2 Aprili 2019, na maandishi ya watumiaji wa kawaida yakafutwa. Andiko la blogu linaweza kusomwa na watu wanne wiki ya kwanza, halafu likaendelea kupata mmoja mmoja kwa miaka, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa analitafuta hasa.

Kwa hiyo kinachoua blogu nyingi ni utunzaji mbovu, na utunzaji huanza kwenye picha. Picha moja ya simu janja ina megabaiti 3 hadi 5. Andiko lenye picha kumi zilizopandishwa kama zilivyo linaweza kufika megabaiti 40. Msomaji wa Kibondo mwenye bando la siku na mtandao wa kusuasua huona mistari miwili na miraba mitupu, anafunga, harudi. Mwandishi naye anahitimisha kwamba watu hawapendi kusoma! Punguza upana wa kila picha hadi pikseli 1200, uihifadhi kwa JPEG yenye ubora wa asilimia 70 hivi, na nyingi zitashuka hadi kilobaiti 150 au 250. Picha kumi zinakuwa megabaiti 1.5 hadi 2.5. Hiyo ni kazi ya dakika kumi na programu ya bure kwenye simu, na inaokoa wasomaji wengi kuliko kichwa cha habari cha kuvutia. Picha za asili usizifute, zitakuja kuhitajika.

Zitahitajika kwa sababu faili la akiba unalopakua kutoka Blogger, huduma ya bure ya Google ya kuendeshea blogu, lina maneno na viungo vya picha, picha zenyewe hazimo. Wengi hugundua hilo siku wanapohama. Weka folda moja ya maandiko na moja ya picha, zote nje ya simu, na upakue akiba kila mwisho wa mwezi.

Hatari ya pili ni laini ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kama msimbo wa kuingilia kwenye akaunti unakwenda kwenye namba hiyo tu, umefungiwa nje ya blogu yako mwenyewe. Google hutoa misimbo kumi ya akiba: iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vyako.

Upande wa sheria, wenye hofu walikuwa na sababu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada ya maombi ya shilingi 100,000 na leseni ya shilingi 1,000,000, mzigo usiobebeka kwa mtu anayeandika kuhusu migebuka na mawese bila kulipwa. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo mwenye blogu asome toleo linalotumika sasa, au aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) moja kwa moja, badala ya kuamua kwa habari za 2018. Anayetaka kutoa habari za matukio ndiye wa kuwa makini zaidi.

Kuhusu ratiba, andiko moja kila wiki mbili linatosha. Anayeahidi la kila siku huchoka mapema.

Limebaki suala la domeni, yaani anwani ya blogu yenye jina ulilolilipia. Jina lako mwenyewe linapendeza na linaaminika, ila lina ada ya kila mwaka, na siku usipolipa anwani inazimika. Kwa kipato cha kusuasua, anza na anwani ya bure ya blogspot inayotolewa na Blogger, kisha uunganishe domeni juu yake ukiweza. Ukishindwa kulipa, ingia kwenye mipangilio ya Blogger uiondoe domeni ile. Usipoiondoa, anwani ya bure itaendelea kuwapeleka wasomaji kwenye jina lililokufa, wakati maandiko yako yote yapo salama nyuma yake.