Mjomba Zeus na Mikorosho ya Urithi

Niseme ukweli: Kiingereza changu kinaishia kwenye kuagiza soda. Lakini pale banda la gemu, Magomeni ya Mtwara, watoto walinipachika jina la Anko Mkalimani, na cheo cha bure nani anakirudisha?

Gemu lenyewe ni God of War II, la mwaka 2007, kwenye PlayStation 2 ambayo kifuniko chake kimebanwa na raba. Lina hadithi ndefu ya shujaa Kratos anayepigana na miungu ya Kigiriki, ila ukishika pedi kazi ni moja, kubonyeza: mraba, mraba, pembetatu. Likitokea dubwana, mraba, mraba, pembetatu. Wakitokea sita, hivyo hivyo. Kidole gumba kinawaka utadhani umeshinda unabangua korosho. Kwenye benchi watoto wakaanza kupiga miayo.

"Anko, kwani huyo Zeus kamchoma Kratos upanga kwa nini?"

Nikawaambia Zeus ni mjomba wake. Kamdhulumu mikorosho ya urithi, ekari tatu.

Weee! Mtoto wa Mtwara umtajie mjomba na mikorosho halafu asinzie? Tangu siku hiyo kila dubwana likapewa kazi. Huyu kibarua wa mjomba. Huyu mlinzi wa ghala. Yule mwenye jicho moja ndiye anayechezea mizani. Mimi nalipwa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, ya kuchemsha, ya moto, imefungwa kwenye gazeti, na pilipili pembeni. Kazi nzuri sana, nisiwadanganye.

Wiki ikaisha, tukamfikia mjomba mwenyewe. Nikafa. Nikafa tena. Nikafa mpaka mwenye banda akaacha kuchaji simu za watu akaja kutazama. Ghafla yakatokea maandishi kwenye kioo.

"Anko, wanasemaje?"

"Wanatupongeza kwa uvumilivu."

Mlangoni alikuwa amesimama binti wa kidato cha tatu, kaja kumwita mdogo wake akale. Akayasoma, akasema kwa sauti ya kusomea risala: "Wanamuuliza kama anataka arahisishiwe, maana anakufa sana."

Kimya. Feni tu ndiyo ilikuwa inaongea.

Nikabonyeza ndiyo, huku najifanya nafuta jasho kwenye pedi. Zeus akalainika, nikampiga. Mara mungu wa kike Athena akaingilia kati, upanga ukampata yeye, akaanza kuongea huku anakata roho. Binti bado yupo mlangoni, kafunga mikono kifuani.

"Mbona anasema Zeus ni baba yake Kratos?"

"Baba mkubwa," nikajitetea.

"Baba mzazi, kaka."

Benchi zima likanigeukia. Mmoja alikuwa anamenya mng'oko kwa meno. Akaacha, ganda likabaki linaning'inia mdomoni. Yule mdogo kuliko wote, ambaye kila jioni alikuwa ananiuliza zile ekari tatu zimefikia wapi, akanisogelea taratibu.

"Kwa hiyo Anko, na mikorosho hamna?"