Majani ya bahari ndiyo nyumba ya kombe

Makala yenu imeeleza vizuri raha ya kuokota kombe, wale viumbe wa baharini wenye magamba mawili wanaoliwa, kule Steinhatchee, Florida, Marekani, ila imesahau majani ya bahari. Kombe wa pale huishi takriban mwaka mmoja tu, na wakiwa wachanga hujishikiza kwenye majani hayo. Panga la injini ya boti likipita kwenye maji ya kina kifupi hung'oa mizizi ya majani, na kovu lake huchukua miaka kupona. Inaniuma sana kuona boti zikikata humo kwa kasi! Kiwango cha kombe kinachoruhusiwa kwa mtu kwa siku watu wanakifuata, nawapongeza. Sasa wainue injini pia, na wapunguze mwendo wakiona bendera ya wazamiaji, inayoonyesha kuna watu chini ya maji, maana watoto wamo majini.