Senti Kumi za Kichwa Changu

Ukitaka kujua binadamu ana thamani gani, nenda kapakue programu ya bure. Mimi nilitaka kiprogramu cha kufungulia mafaili tu, basi. Ukurasa ukanikaribisha kwa vitufe vitano vya PAKUA. Cha kijani kinameremeta, cha bluu kinapepesa, kingine kina mshale unaorukaruka. Cha kweli kiko chini kabisa, maandishi ya kijivu juu ya kijivu, kimejikunyata kama mtoto wa kambo siku ya sikukuu. Vilivyobaki vyote ni matangazo.

Nikakipata chenyewe. Kumbe hapo ndiyo kwanza safari inaanza! Endelea. Endelea. Nakubali. Endelea. Katikati ya hizo "endelea" kuna visanduku vimeshatiwa tiki kwa niaba yangu: utepe wa kutafutia, kivinjari kipya, na kitu kinachojiita msaidizi wa manunuzi. Nani kawatuma? Ukibonyeza "Kataa", unaulizwa kwa upole wa kutisha: "Una hakika hutaki kompyuta yako iwe salama?" Nataka! Ndiyo maana nakataa!

Nikawa najiuliza huruma yote hii inatoka wapi. Inatoka kwenye kamisheni, ndugu zangu. Kila kiprogramu kinachopenyezwa kwenye mashine yangu, kuna dalali mahali anahesabu chake. Mwaka 2016 watafiti wa Google na wenzao wa Chuo Kikuu cha New York waliichimba biashara hii, wakakuta mwenye programu hulipa kati ya senti 10 na dola 1.50 kwa kila kompyuta inayowekewa. Bei ya juu ni ya kompyuta za Marekani. Kwa hiyo mimi, na umri wangu huu, na mvi zangu hizi, kuna mtu kaniuza senti 10! Na sikugawiwa hata senti moja ya kunifuta machozi.

Tena wana adabu zao za ajabu. Baadhi ya viprogramu hivyo vya kusakinishia huchungulia kwanza kama kompyuta ina programu ya kuzuia virusi, ndipo viamue kushusha mzigo au kuuacha. Yaani programu inapigiwa hodi. Mimi mwenye mashine, hodi sipigiwi.

Sasa jaribu kulalamika. Mwenye programu anasema si sisi, ni mshirika wetu. Mshirika anasema si mimi, ni mshirika wa mshirika. Mwenye ukurasa anasema yeye kakodisha nafasi tu. Ukoo mzima umekaa kikao, na mtoto hana baba. Mwaka 2006 kampuni ya Marekani iliyoitwa Zango, iliyodaiwa kupenyeza programu za matangazo kwenye kompyuta za watu, ilikubali kulipa dola milioni 3 kumalizana na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo. Tume ilisema programu zake zilipakuliwa zaidi ya mara milioni 70 na kurusha matangazo zaidi ya bilioni 6.9. Chukua kikokotoo ugawanye: matangazo ishirini hayafikishi hata senti moja ya malipo hayo. Kwa bei hiyo hata mimi naomba kuadhibiwa.

Na kabla ya hapo kulikuwa na sokwe. Sitanii. Sokwe wa zambarau, kikaragosi cha programu ya kupakua iliyoitwa BonziBuddy, aliyekuwa akiranda kwenye vioo vya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000, anaimba na kutoa vichekesho. Mwaka 2004 wenye sokwe walilipa dola 75,000 kwa kesi ya kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mshenzi, sawa, lakini angalau alikuwa anaimba! Huu utepe wangu wa kutafutia, uliopenya hata nilipokataa, hauimbi wala hautanii. Umekaa juu ya kivinjari, unabadilisha ukurasa wangu wa mwanzo kila nikiurudisha, na nikitafuta dawa ya mafua unaniletea viatu.

Nikaamua kuung'oa. Ukatoka uso wenye machozi: "Kweli unatuacha?" Chini yake kitufe kikubwa, "Baki Nasi", na kiandishi chembamba cha kuondoka. Nikakifuata hicho chembamba. Wakataka sababu. Nikachagua "nyingine", nikaandika maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Ukaondoka. Papo hapo ukafunguka ukurasa mwekundu unaopiga king'ora: kompyuta yako ina hitilafu 1,342, pakua programu ya kusafisha, bure kabisa. Nako huko kwenye kusafisha, bila shaka, kuna dalali anasubiri chake.