Anzieni 1901, Msianzie 1903

Jana jioni mpwa wangu wa darasa la sita alikuja na kijitabu chake cha maswali ya marudio. Swali mojawapo lilitaka ataje waliorusha ndege ya kwanza yenye injini. Majibu manne, achague moja. Alichagua ndugu wawili wa familia ya Wright, akapata vema yake, na pembeni mwalimu kaongeza kwa kalamu nyekundu: 1903. Kisha mtoto akanigeukia: "Mjomba, walijuaje kama itaruka?" Nikamwambia hilo ni swali zuri, alimuuliza mwalimu? Akasema alimuuliza, akajibiwa kwamba hilo halitoki kwenye mtihani.

Nimelala na hasira. Swali la mtoto yule ndilo somo lenyewe, na sisi tumelifukuza darasani tukabaki na jina na tarehe. Mtoto akipewa jina na tarehe tu, anaondoka akiamini kwamba watu wawili wenye akili za ajabu waliamka asubuhi moja ya Desemba huko North Carolina, Marekani, wakaruka. Hapo hana cha kuchukua. Hawezi kuzaliwa Ohio, hawezi kuwa mtoto wa askofu Milton Wright, na akili za ajabu anadhani ni za watu wengine. Anachoweza kuchukua ni namna Wilbur na Orville walivyofanya kazi, na hicho ndicho tulichokikata.

Mimi ningepewa kipindi kimoja tu, ningeanza na mwaka walioshindwa, 1901.

Hawa walikuwa mafundi baiskeli mjini Dayton, jimbo la Ohio, wana duka lao, wanatengeneza na kuuza. Hakuna kati yao aliyekuwa na cheti cha sekondari. Tarehe 30 Mei 1899 Wilbur aliandika barua kwa Smithsonian, taasisi ya utafiti ya Marekani, kuomba kila kilichochapishwa kuhusu kuruka. Alitumiwa, wakasoma. Mwaka huohuo wakatengeneza tiara yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na yenye nyuzi za kuyapinda mabawa ikiwa hewani. Wilbur alipokuwa akiijaribu, watoto wa mtaani walikuja kutazama, na ilipopiga mbizi kuelekea kwao wakajitupa chini kifudifudi. Watoto wetu wanaorusha tiara za chelewa na mifuko ya rambo wanaijua hofu hiyo. Waelezeni.

Mwaka 1900 wakasafiri hadi Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, kwenye upepo na mchanga, na ndege isiyo na injini. Wilbur alifikia kwa familia ya Tate, na kitambaa cha mabawa alikimalizia kwa cherehani ya mama wa nyumba ile. Walipoondoka waliiacha ndege palepale, na Bibi Tate akakata kile kitambaa akawashonea binti zake wawili magauni. Nimemsimulia mpwa wangu hili na sasa hawezi kulisahau, wakati tarehe ya 1903 ilibidi aikariri.

Sasa 1901. Walirudi na ndege kubwa zaidi, mabawa ya karibu mita 6.7. Hesabu yote waliifanya kwa kufuata vitabu. Walitumia majedwali ya nguvu ya kunyanyuka ya Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeteleza hewani kwa mabawa yake karibu mara 2,000 hadi alipoanguka na kufa Agosti 1896. Katika dunia nzima hapakuwa na majedwali bora zaidi. Walitumia pia namba ya John Smeaton, mhandisi wa Kiingereza, ya kukokotoa nguvu ya upepo kwenye ubao, namba iliyokuwa ikinakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu tangu 1759. Wakafika, wakapigwa na mvua, wakaliwa na mbu kiasi cha kutamani kurudi kwao, na ndege ikatoa theluthi moja tu ya nguvu ya kunyanyuka waliyoitarajia. Ukilipinda bawa ili ndege igeuke, mara nyingine inageukia upande usio wake. Baadaye, mwaka 1908, mbele ya Wafaransa waliokuwa wakimshangilia, Wilbur mwenyewe alisimulia kwamba mwaka ule wa 1901 alimwambia ndugu yake binadamu hataruka kwa miaka 50.

Msimamisheni mtoto hapa. Muulizeni: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Umefuata kitabu, kitabu kimeandikwa na wakubwa, na kitu kimekataa. Kosa ni lako au la kitabu?

Wengi wetu tulilelewa kujibu kwamba kosa ni letu. Na siku hizi kuna kizazi cha simu kinachojibu upesi kwamba kitabu ni cha uongo, basi, yameisha. Wilbur na Orville hawakujibu hivi wala vile. Walipima.

Walichukua baiskeli, juu ya usukani wakafunga gurudumu la tatu, limelala, linazunguka kwa uhuru. Kwenye ukingo wa gurudumu hilo wakasimamisha kipande cha bawa kilichopindwa, na mahali pengine pa ukingo kibao bapa, wakavipanga kwa vipimo vya majedwali. Majedwali yakiwa sahihi, nguvu za viwili hivi zitalingana na gurudumu litatulia. Wakapanda baiskeli wakakanyaga pedali kwa nguvu kwenye barabara za Dayton ili upepo uvipige. Gurudumu likazunguka.

Wakatafuta njia ya kupima kwa uangalifu zaidi. Orville alianza na boksi kuukuu la wanga wa nguo. Likawatia moyo, wakajenga sanduku kubwa la mbao, urefu wa karibu mita 1.8, mdomo wake wa mraba wa karibu sentimita 40, lenye kioo juu cha kuchungulia na feni upande mmoja inayozungushwa na injini ya karakana. Ndani yake wakaweka mizani waliyoiunda kwa vipande vya bleedi za msumeno wa chuma na nyaya za spoki za baiskeli. Kisha wakakata vibawa vidogo vya bati, vya kila umbo walilolifikiria, karibu 200, wakaviingiza kimoja baada ya kingine. Washa feni. Subiri sindano itulie. Soma. Andika. Zima. Badilisha pembe kidogo. Washa tena. Hivyo kuanzia Oktoba hadi Desemba 1901, na dukani nako kazi za wateja zinaendelea.

Matokeo? Namba iliyotokana na Smeaton, 0.005, ilikuwa kubwa mno. Iliyo karibu na ukweli ilikuwa 0.0033. Wapo waliokuwa wameishuku kabla yao, Samuel Langley, mkuu wa Smithsonian, akiwemo, lakini vitabu viliendelea kuinakili. Na hapa pana jambo ninalotamani kila mtoto alisikie: vipimo vyao vilionyesha kwamba Lilienthal, waliyekuwa wameanza kumshuku, hakuwa amekosea sana. Majedwali yake yalifaa kwa umbo la bawa alilolipima yeye, na kosa kubwa lilikuwa kwingine. Waliyapima ya marehemu kwa haki, na Wilbur akaendelea kumsifu kwa maandishi.

Huu ndio ujasiri ninaotaka mpwa wangu aurithi. Mafundi wawili wasio na cheti walisahihisha namba iliyoheshimiwa kwa zaidi ya miaka 140, bila kumtukana mtu na bila kupiga kelele. Kwanza walivisoma vitabu vyote walivyovipata, kisha wakavipima. Mtoto wa Mbagala au wa Kahama anaweza kufanya hivyo kesho asubuhi na daftari la mistari. Hahitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Na jibu la swali la mpwa wangu, walijuaje kama itaruka, limo humo humo. Mwaka 1902 walitumia namba zao wenyewe, wakajenga mabawa marefu na membamba, karibu mita 9.8 kwa 1.5. Bado ndege ilikuwa ikiwaponyoka kwenye kona. Usiku mmoja Orville alikunywa kahawa nyingi akakosa usingizi, akawaza kwamba usukani wa nyuma, yaani mkia uliosimama wima, usiwe wa kukaa tu, uweze kugeuzwa. Asubuhi Wilbur akaongeza: tuuunganishe na nyaya za kupindia mabawa, ili rubani asiwe na kazi mbili. Wakateleza hewani mamia ya mara msimu ule. Kwa hiyo, mwanangu, walijua tangu Oktoba 1902. Desemba 1903 ilikuwa kuongeza injini na rafadha kwenye kitu ambacho tayari kilikuwa kinawatii.

Wengi wa wakati ule walianza na injini. Samuel Langley alipewa dola 50,000 na Wizara ya Vita ya Marekani, na injini yake ilikuwa bora kuliko ya akina Wright, lakini ndege yake ilitumbukia mto Potomac mara mbili, ya pili tarehe 8 Desemba 1903. Siku tisa baadaye mafundi baiskeli, waliotumia chini ya dola 1,000 za mfukoni mwao, wakaruka sekunde 12, karibu mita 37. Safari ya nne siku hiyo ilikuwa sekunde 59, mita 260. Mwendesha baiskeli anajua kwamba chombo kinaweza kutosimama chenyewe na bado ukakimudu kwa kukiegemeza kwenye kona. Wao hawakutafuta ndege inayojituliza yenyewe, walitafuta ndege inayomtii mtu, na hilo lilikuwa nusu ya ushindi.

Yapo mengine ambayo kitabu kingeyapa mstari mmoja mmoja tu na mtoto akafaidika. Charlie Taylor, fundi wao, aliiunda injini ile kwa wiki sita hivi. Mama yao, Susan, ndiye aliyekuwa na mkono wa ufundi nyumbani, si askofu. Dada yao Katharine, mwalimu, ndiye aliyemsukuma Wilbur akubali kwenda Chicago kuhutubia wahandisi Septemba 1901, wakati amekata tamaa. Na Orville alisoma darasa moja na Paul Laurence Dunbar, mshairi Mweusi ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani. Gazeti la Dunbar la mwaka 1890 lilipigwa chapa na hao hao ndugu wawili, kwenye mtambo wao wa uchapaji. Mtoto wa Kiafrika anastahili kuambiwa kwamba kijana yule naye alikuwepo mjini Dayton, akiandika.

Nitakubali mambo mawili, ingawa kwa shingo upande. La kwanza, Mbrazili akisema wa kwanza ni mwenzake Alberto Santos-Dumont, hana wazimu. Tarehe 23 Oktoba 1906 aliruka mita 60 Paris mbele ya umati, kwa magurudumu ya ndege yake mwenyewe, wakati akina Wright walikuwa wameficha kazi yao wakingoja mikataba. Hawakujionyesha Ulaya hadi Agosti 1908, karibu na Le Mans. Ushahidi wa 1903 na wa 1905, walipokaa hewani dakika 39 juu ya malisho ya ng'ombe nje ya Dayton, una nguvu na mimi naukubali, lakini mtoto ausikie ubishi wenyewe. Kesi walizofungua baadaye dhidi ya wenzao sitazitetea.

La pili, mwalimu. Najua ana watoto wengi kuliko madawati, najua mtihani unataka herufi moja, na najua atakayeulizwa matokeo ni yeye. Simlaumu kwa kalamu nyekundu. Ninachokataa ni kumwambia mtoto kwamba swali lake halitoki. Mwambie hujui, au mwambie akaulize nyumbani, hata hilo linatosha. Wanaotunga mitihani nao wanaweza kabisa kuuliza: ndugu hawa walifanya nini baada ya kugundua kwamba namba za kitabu haziafikiani na walichokiona? Ni swali la alama tano na linasahihishika.

Tarehe 17 Desemba, siku waliyoruka, shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo kazi ni yetu wazazi, wajomba na mashangazi. Chukueni boksi tupu la dawa ya meno, mlifungue ncha zote mbili, mshike pembe zake na kulipinda kidogo, mbele huku, nyuma kule. Hivyo ndivyo Wilbur alivyopata wazo la kupinda mabawa, akiwa na boksi la tyubu ya baiskeli mkononi. Kisha tafuteni katoni ndefu iliyo wazi pande zote mbili na feni ya mezani yenye wavu. Kateni manila vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja bapa, kingine mkikunje mgongo kidogo, mvifunge kwa uzi ndani ya katoni na muwashe feni. Mpeni mtoto rula na daftari aandike kila kipande kimenyanyuka sentimita ngapi, na msimwambie mapema kipi kitashinda.